Lango lililoponea kura moja

Ukiliona Holstentor kwa mara ya kwanza, msomaji wangu, utadhani limelewa. Siyo utani! Minara miwili minene ya matofali mekundu, vichwani kofia nyeusi zilizochongoka, na jengo zima limepinda. Ukisimama pale mbele unajikuta na wewe umeinamisha shingo. Walilijenga kuanzia 1464 hadi 1478, juu ya ardhi ya kinamasi, basi likazama taratibu hadi wataalamu walipolidhibiti miaka ya 1930.

Hapa ni Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Unashuka treni, unatembea dakika chache tu, hilo hapo.

Kilichonimaliza mimi ni kuta. Upande wa nje, alikotazamiwa adui, unene unapita mita 3. Upande wa mjini haufiki hata mita 1. Wenyewe wanasimulia kwamba wakubwa wa mji walitaka iwe rahisi kulibomoa kwa nyuma, endapo adui angeliteka. Wazee wale walikuwa hawamwamini mtu!

Sasa sikia kasheshe lenyewe. Karne ya 19 reli ikaingia, mji ukataka nafasi, na lango likaonekana gofu tu linaloziba njia. Lango jingine lililokuwa mbele yake lilishavunjwa mwaka 1853. Mwaka 1863 ikaja zamu ya hili, baraza la wananchi likapiga kura. Likapona kwa kura moja. Moja! Mtu mmoja tu angegeuza mawazo, leo ningekuwa napiga picha barabara.

Na waliotaka livunjwe hawakuwa wehu, tusiwaonee. Mimi mtoto wa Kariakoo nawaelewa: unatoka asubuhi, jioni nyumba ya kona imeshakuwa kifusi, na wiki ijayo umeshasahau ilikuwa na rangi gani. Tofauti ni kwamba kwetu sikumbuki mtu kuniuliza.

Gofu hilohilo baadaye likachapwa kwenye noti ya marki 50, na mwaka 2006 likatiwa kwenye sarafu ya euro 2. Ndani siku hizi ni makumbusho, kuna meli ndogo za mfano na silaha za kale. Panda ukaone.

Nje, kwenye majani, vijana wamejilaza wanaota jua na kula chipsi. Wote wameligeuzia lango mgongo.