Kingo za mfereji wa Yatta zitengewe baiskeli

Ukitaja utalii katika nchi hii, aghalabu msikilizaji hufikiria simba, ufuo wa bahari na gari la kumfikisha huko. Baiskeli haimo katika hesabu hiyo. Majuzi niliwaeleza wahadhiri wenzangu kwamba nimekaa siku mbili nikizunguka Yatta kwa baiskeli, tena kwa hiari yangu. Mmoja wao aliniuliza, kwa upole mwingi, kama gari langu limeharibika.

Gari langu ni zima. Nililiacha nyumbani kwa kuwa nilitaka kuiona kwa macho yangu njia ambayo mjomba amekuwa akinisimulia tangu alipovunjika mguu.

Mjomba ni mkulima wa nyanya karibu na Kithimani. Kwa zaidi ya miaka 30 alipeleka mazao yake sokoni Matuu kwa baiskeli, matenga mawili yamefungwa nyuma, akifuata barabara kuu itokayo Thika kwenda Garissa. Ni barabara ya malori. Ukingo wa lami umemegeka hapa na pale, na dereva anapompigia honi mtu wa baiskeli hamwombi nafasi, anamwamuru ashuke. Mjomba alishuka mara zisizo na idadi. Siku moja hakuwahi. Lori lilimpangusa begani, akaangukia mtaroni, mguu ukavunjika mahali pawili, na nyanya zake zikapondwapondwa na magari yaliyofuata. Lori lenyewe halikusimama. Alipopona aliapa kwamba hataikanyaga tena lami hiyo kwa baiskeli, na ndipo alipoanza kupita kando ya mfereji. "Ni mzunguko kidogo, mwanangu," aliniambia, "lakini maji hayapigi honi."

Mfereji wa Yatta ulichimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na watu waliozuiliwa kambini kwa ajili ya Mau Mau. Huyachota maji Mto Thika na kuyasafirisha katika nchi kame kwa umbali wa kilomita 60 hivi, tena bila pampu. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga, na hapa mkondo wenyewe ulipimwa ili ushuke polepole mno. Jambo hili ningependa msomaji alizingatie. Mahali ambapo maji hutiririka kwa mwinamo mdogo kiasi hicho, baiskeli nayo huenda bila kumtoa mtu jasho. Mchimbaji wa mfereji hana budi kukizunguka kila kilima ambacho mjenzi wa barabara angekipanda. Sisi tunaoishi mjini Machakos, chini ya milima ya Iveti, tunaujua uzito wa tofauti hiyo. Hapa mtu wa baiskeli hupanda akihema na kushuka akimwomba Mungu breki zisikatike.

Basi niliipakia baiskeli juu ya matatu, nikalala kwa mjomba, na alfajiri tukashika njia, yeye mbele na mimi nyuma. Kulia kwetu maji, kushoto mashamba ya maharagwe, karela na nyanya. Fundichuma alikuwa amesimama ukingoni akingoja vyura. Mahali maji yanapovuja, ardhi imegeuka chepechepe na matete yameota, jambo ambalo mtu aliyezoea kuuona ukame wa Yatta akiwa ndani ya basi hawezi kulisadiki. Tulikutana na wanafunzi wakienda shule, wanawake wakichota maji, na punda. Kwa muda wa saa mbili sikusikia injini yoyote isipokuwa ile ya pampu ya mkulima mmoja. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wawili juu ya baiskeli wanaweza kuzungumza njia nzima bila kupaaza sauti.

Sitaki kuwapamba wasomaji kwa maneno matamu. Mahali fulani mkulima alikuwa amepanda mahindi hadi kwenye maji yenyewe, tukalazimika kuzibeba baiskeli begani. Mahali pengine ng'ombe walikuwa wamebomoa ukingo, na gurudumu langu likazama hadi kwenye mhimili. Mjomba alicheka sana. Siku ya pili tulikuta kipande cha njia kimezibwa kwa ua wa miiba, na mwenye ua akatuambia waziwazi kwamba hapo ni kwake.

Nikiwa mwanaisimu naomba niruhusiwe kuchepuka kidogo. Neno bodaboda lilizaliwa Busia, kwenye mpaka wetu na Uganda, na lilikuwa jina la baiskeli. Vijana walibeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine, wakinadi kwa kutamka neno la Kiingereza la mpaka kwa matamshi yao wenyewe. Leo hii mtaje bodaboda mbele ya mtoto yeyote, naye atafikiria pikipiki. Pikipiki ilipofika kwa wingi katika miaka ya 2000 ilichukua abiria, ikachukua kituo, ikachukua na jina. Baiskeli ilibaki bila hata neno lililokuwa lake. Sisi wanaisimu husema maana ya neno imehama. Mwenye baiskeli angesema amenyang'anywa.

Na kweli amenyang'anywa mengi. Huko Mlolongo, katika kaunti yetu hii, huanzia ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye kilomita 27 hadi Westlands, Nairobi. Baiskeli hairuhusiwi kupita juu yake. Sina ugomvi na katazo hilo, kwani nani angependa kuendesha baiskeli huko? Nina ugomvi na fikra iliyo nyuma yake, kwamba fedha nyingi za njia zikishatumika kwa ajili ya magari, wengine wote watajitafutia pa kupita. Mwenye baiskeli akitafuta pa kupita, hupapata ukingoni mwa lami, palepale mjomba alipopangusiwa.

Kuna wanaosema kwamba Wakenya hawana mapenzi na baiskeli ila kwa shida. Hao waende Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984, wawatazame vijana wanaokodi baiskeli langoni ili wapite kati ya pundamilia. Ama waingie msitu wa Karura, Nairobi, siku ya Jumapili. Watu wanalipa ili waendeshe baiskeli mahali ambapo hawatagongwa. Huko Ufaransa, ule mfereji mkongwe uitwao Canal du Midi, uliokamilika mwaka 1681, ulikuwa na njia kandoni ya farasi waliovuta mashua. Farasi walipostaafu, njia hizo zikarithiwa na watembeao kwa miguu na wenye baiskeli, nao wageni humiminika huko toka nchi za mbali. Mfereji wetu haukuwahi kuwa na mashua, lakini njia ya kandoni unayo.

Tena si Yatta pekee. Mwea, ambako mashamba ya mpunga yalianzishwa mwaka 1954 na kuchimbwa vilevile na watu wa kambini, kuna mifereji iliyonyooka kama mstari wa rula. Uwanda wa Kano una mashamba ya mpunga ya Ahero. Budalang'i kuna kuta za udongo za kuuzuia Mto Nzoia usifurike. Kote huko ardhi ni tambarare, maji yapo, ndege wapo, na baiskeli ni chombo ambacho wenyeji wamekitumia tangu zamani.

Ninachopendekeza hakihitaji lami hata kidogo. Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka juu ya barabara za kaunti, uchukuzi wa kaunti na utalii wa mashinani. Serikali ya Kaunti ya Machakos na iketi na wenye dhamana ya mfereji pamoja na wakulima wenyewe, ipime upya mipaka ya mfereji, iweke alama, na itenge upana wa mita mbili au tatu upande mmoja. Penye uvujaji kiwekwe kivuko cha mbao au mawe. Penye ng'ombe pachimbwe mahali maalumu pa kunyweshea. Baada ya hapo kijana wa Kithimani anaweza kununua baiskeli tano za kukodisha, na mama wa Matuu akawauzia wageni chai na muthokoi.

Wakulima wana hofu zao, na nimezisikia. Wengine wanasema njia ikijulikana, wezi wa maji na wa mazao watajulikana pamoja nayo. Mimi naona kinyume, kwamba njia inayopitwa na watu ni ngumu kuibia, ila nakiri kwamba silali shambani nikilinda nyanya. Yule mwenye ua wa miiba naye asifukuzwe kama mwizi kabla mipaka haijapimwa. Huenda alionyeshwa mpaka huo na babake.

Hofu ya mjomba ni nyingine, na ndiyo iliyonikosesha jibu. Tulipokuwa tukifungua mizigo jioni ya pili aliniuliza: njia ikishatengenezwa vizuri, pikipiki nazo zitazuiwa na nani? Nguzo inayopitisha baiskeli yenye matenga mawili itapitisha na pikipiki. Nilimwambia huenda wakulima wanaogawana maji wakapewa mamlaka ya kutoza faini, kwa kuwa wao ndio walio pale mchana na usiku. Aliitikia kwa kichwa bila kuridhika, akaenda kuitazama minyororo ya baiskeli zetu, ambayo ilikuwa imejaa matope ya mfereji.