Wastani wa Dunia Hautoshi Katika Bonde la Ufa

Kitovu cha tetemeko la ardhi hakionekani. Hukadiriwa kutokana na nyakati ambazo mawimbi yake yalifika vituoni. Hesabu hiyo yahitaji kielelezo cha kasi ya mawimbi miambani. Wimbi lililosafiri sekunde 10 kwa kasi ya kilomita 6 kwa sekunde limetoka umbali wa kilomita 60. Kielelezo kikidai 5.8, zimekwisha kupotea kilomita 2.

Kielelezo cha dunia nzima, IASP91, kilichotolewa mwaka 1991, huchukulia ganda la dunia kuwa na unene wa kilomita 35, na chini yake kasi ya 8.04. Lakini milipuko ya baruti ya mradi wa KRISP nchini Kenya, kati ya 1985 na 1994, ilionyesha unene wa kilomita 20 tu chini ya Turkana, na kasi ya 7.5 hadi 7.7 chini ya ufa. Kutumia wastani wa dunia huko ni kumshonea mtu kanzu kwa kipimo cha jirani.

Wako wanaotetea kielelezo chochote kinachoacha tofauti ndogo ya sekunde. Hoja hiyo ni dhaifu: vituo vikiwa vichache, hesabu huweza kukishusha au kukipandisha kitovu hata nyakati zilingane. Mizani ya haki ni mlipuko wa machimbo ya mawe ambao mahali na saa yake vyajulikana. Kila kielelezo kiutafute, kisha kosa lipimwe kwa kilomita.