Kadiria Kwanza, Ndipo Ukompaili

Wapo wasemao kwamba Linux iliyojengwa kutokana na maandishi yake ya asili huenda kasi zaidi. Mimi sishawishiki: nafuu hiyo aghalabu ni ndogo kuliko saa zilizotumika, na tangu Desemba 2023 hata Gentoo, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2002, hutoa kwa wingi vifurushi vilivyo tayari.

Hata hivyo, ningependa kazi hiyo ifanywe shuleni, kwa sababu ya makadirio. Kukompaili, yaani kugeuza maandishi ya programu kuwa lugha ya mashine, kwaweza kula siku nzima. Umeme ukikatika pale Kitangari, vifurushi vilivyokamilika vitasalimika, lakini kile kilichokuwa kikijengwa kwa kawaida huanzwa upya.

Linux From Scratch, iliyoanzishwa na Gerard Beekmans mwaka 1999, ina njia nyepesi. Hupimwa kwanza muda wa kukompaili kifurushi cha Binutils. Huo ndio kipimo kimoja, na vifurushi vingine hutajwa kwa mara ngapi za kipimo hicho. Binutils ikichukua dakika 4, kifurushi cha vipimo 10 kitachukua dakika 40 hivi. Mwalimu atajua kipi kianze asubuhi na kipi kingoje Jumamosi.

Makadirio huvurugika kumbukumbu ya kompyuta inapojaa, mashine ikaanza kuhamishia data diskini. Mwongozo wa Gentoo hushauri gigabaiti 2 kwa kila kazi inayoendeshwa sambamba. Mwenye 4 asiamuru zaidi ya kazi 2, naye mwanafunzi aandike makadirio yake kabla saa haijaanza kuhesabu.