Mchanga unaotembea bila miguu

Msomaji wangu, sisi wa Karatu vumbi tumelizoea, linaingia mpaka kwenye chai. Lakini pita lango la Lodoare, shuka kuelekea Olduvai, ukaone mchanga wenye safari zake. Ni lundo jeusi lenye umbo la mwezi mwandamo, kimo kama mita 9, nalo linahama! Linakwenda wapi? Magharibi, hadi mita 17 kwa mwaka.

Siyo uchawi, bwana. Ni majivu ya Oldoinyo Lengai, yana chembe za chuma, ndiyo maana yanashikana. Upepo wa mashariki unapandisha punje mgongoni, zikifika juu zinaporomoka upande wa pili. Nyuma kunapungua, mbele kunaongezeka, umbo linabaki lilelile. Wamaasai wanauheshimu sana mchanga huo.

Baharini kazi hiyohiyo inafanywa na mawimbi na mikondo, tena bila huruma. Waulize wa Pangani habari za kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na miti, kasa wakitaga mayai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo ni fungu tu la mchanga, linaonekana maji yakipwa. Mchanga ulichukuliwa, haukurudishwa.

Sasa wewe mgeni unayejaza chupa mchanga mweusi ukapambe sebule, hebu niambie: upepo unakopa nyuma, unalipa mbele. Wewe utalipa wapi?

Haya, tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.