Lupita aliingilia mlango wa uani

Msomaji mpenzi, hebu fikiri: binti yako, hapo hapo Kuze, anakuambia anataka kuwa mwigizaji wa filamu. Utamjibu nini? Wengi wetu tutawaza kwanza majirani watasemaje.

Lupita Nyong'o naye aliificha ndoto hiyo kwa miaka mingi, ingawa babake ni profesa. Alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, ambako mzee, Profesa Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha baada ya kuihama Kenya kwa sababu za kisiasa. (Ami yake Lupita, Charles, alitoweka mwaka 1980, yasemekana alitupwa kutoka kwenye feri.) Familia ilirudi nyumbani Lupita akiwa bado mchanga.

Akiwa na miaka 14 aliigiza Juliet wa Shakespeare pamoja na kundi la Phoenix Players, Nairobi. Lakini alipokwenda Chuo cha Hampshire, Marekani, alisomea filamu na tamthilia. Kusomea filamu kuna heshima, kuigiza, mh!

Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya mwaka 2004, alikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa nyuma ya kamera. Huko ndiko alikomfungulia moyo mwigizaji mkuu, Ralph Fiennes. Mwingereza huyo hakumbembeleza: alimwambia aingie kazi hiyo ikiwa tu hawezi kuishi bila kuigiza. Mimi naona jibu hilo kavu lilimfaa kuliko sifa.

Mwaka 2009 alitengeneza In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino, na akaigiza katika Shuga. Kisha akajiunga na shule ya uigizaji ya Yale. Ni kweli, mzazi, si kila nyumba ya Kuze ina njia ya kufika Yale. Ila kazi ya nyuma ya kamera haikuhitaji Yale.

Alipokuwa akimaliza masomo mwaka 2012 alipata nafasi ya Patsey, mtumwa achumaye zaidi ya paundi 500 za pamba kwa siku, katika 12 Years a Slave. Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akatwaa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, Mkenya wa kwanza.

Unaikumbuka ile picha ya simu ya usiku ule, nyota wa Hollywood wamesongamana? Kijana aliyejichomeka mbele hadi akamziba Angelina Jolie ni Peter, nduguye Lupita.