Springi za Hewa na Njia za Nyikani

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ndivyo ilivyo hali ya magari yaendeshwayo kwa magurudumu yote manne, yale ambayo wananchi wamezoea kuyaita fobaifo. Kila toleo huja na pambo jipya, na kila pambo husifiwa kuwa ndilo litakalomvusha dereva matopeni. Katika mapambo hayo, ni machache yanayozua mabishano makali kati ya madereva na mafundi kama springi za hewa. Wapo wanaoapa kwamba gari lisilo nazo ni mkokoteni. Na wapo wanaosema kwamba mwenye kwenda nazo nyikani ajichukulie na hema la kulalia. Swali lenyewe si la matajiri peke yao. Serikali, kaunti, mashirika ya misaada na hata shule hununua magari ya aina hii, na fedha zinazotumika zina kazi nyingine nyingi za kufanya.

Yafaa kwanza tukieleze kitu chenyewe, na walimu wa fizikia watatuwia radhi tukiingia katika uwanja wao. Springi ya chuma hufuata kanuni ya Robert Hooke: mzigo ukiongezeka maradufu, nayo hubonyea maradufu. Ndiyo maana gari lililosheheni magunia huketi kwa makalio, taa zake zikamulika vilele vya miti badala ya njia. Springi ya hewa hufuata kanuni iliyotangazwa na Robert Boyle mwaka wa 1662: hewa iliyofungiwa ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake, na joto lisipobadilika, shinikizo lake huwa maradufu. Kwa hiyo kadiri inavyobanwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu. Hewa hiyo hutiwa katika mfuko (usichanganywe na ule unaofutuka usoni mwa dereva wakati wa ajali) wa mpira uliosukiwa nyuzi za kuuimarisha, nao hukaa mahali ambapo springi ya chuma ingekaa. Kompresa inayotumia umeme wa gari huujaza. Vali huzuia hewa au kuiachilia. Vipimo vidogo karibu na magurudumu hupima kimo cha gari. Na kompyuta ndiyo yenye kuamuru yote hayo.

Historia yatuasa tusiwe wepesi wa kukidharau kigeni. Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka wa 1948, ilikuwa na springi za mabamba, yale ya chuma bapa yaliyopangwa moja juu ya jingine. Range Rover ilipotokea mwaka wa 1970 ilikuja na springi za koili, zilizosokotwa mfano wa parafujo, ambazo hazikuwa za kawaida katika magari ya kazi za porini. Leo hakuna anayezionea shaka. Range Rover hiyohiyo ndiyo iliyowekewa springi za hewa mwaka wa 1992, na Land Rover Discovery ya mwaka wa 2004 ikaziendeleza zaidi.

Faida zake ni dhahiri. Dereva hubonyeza kitufe, gari likainuka na kupita juu ya jiwe. Akifika kwenye lami likashuka, lisiyumbe konani. Likipakiwa mizigo, kompyuta huongeza hewa nyuma na gari likakaa sawasawa kama halikubeba kitu. Katika hiyo Discovery ya mwaka wa 2004, ambayo kila gurudumu lake hujitegemea, watengenezaji waliunganisha mifuko ya upande mmoja na ya upande wa pili kwa paipu na vali. Gari likiwa nje ya barabara vali hufunguka, na gurudumu moja likisukumwa juu na mwamba, hewa huhamia upande wa pili na kulisukuma mwenzake chini, lisiachane na ardhi. Ni ubunifu wa kusifiwa, na anayeubeza hajauona ukifanya kazi.

Lakini yako mambo ambayo matangazo hayasemi. La kwanza, kuinuka kwa bodi si kuinuka kwa gari lote. Katika magari yenye ekseli nzima, kama zilivyokuwa zile Range Rover za mwaka wa 1992, difu hukaa katikati ya ekseli, na umbali wake kutoka ardhini huamuliwa na ukubwa wa magurudumu tu. Bonyeza kitufe utakavyo, difu haitasogea hata inchi. La pili, gari likiisha kuinuliwa hadi mwisho, mguu wake umekwisha kunyooka. Gurudumu halina tena nafasi ya kutosha ya kuteremka likikuta shimo. Hapo ndipo abiria huanza kulalamika kwamba gari la kifahari linawatikisa kuliko lori.

Na nyika yenyewe? Nenda Turkana au pembezoni mwa jangwa la Chalbi, uione njia iliyokunjana kama mabati ya paa kwa kilomita na kilomita. Mikunjo hiyo huzitikisa springi bila kupumzika. Shokamzoba huchemka, na springi za hewa haziwezi kuyafanya kazi yake mambo ambayo ni ya shokamzoba. Vumbi laini na changarawe hujipenyeza katika mikunjo ya mifuko na kuisugua mpira kidogo kidogo. Tope likikauka juu yake huwa kama msasa. Tundu dogo kuliko la sindano latosha: hewa huvuja, kompresa hujaribu kufidia, hufanya kazi kupita kiasi, hupata joto, na hatimaye huungua. Kwa kosa la mpira wa bei ndogo, mtu hununua na kompresa pia. Gari lililopoteza hewa yote huketi juu ya vizuizi vyake, tumbo likikaribia mawe, na pale ndipo lilipo hadi apatikane mwenye kifaa cha kuongea na kompyuta yake.

Linganisha na springi ya bamba iliyovunjika. Si jambo jema, lakini fundi wa jua kali katika kituo chochote cha biashara atakuja na jeki na spana, atafunga bamba la gari jingine, au atakaza kipande cha gogo kwa mnyororo, nawe utafika. Haishangazi kwamba Toyota Land Cruiser ya namba 70, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1984, ingali inatengenezwa, na pikapu zake zingali na mabamba nyuma. Ndizo tunazoziona zikiwabeba polisi na wagonjwa kaskazini mwa nchi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi miaka minane, na wanunuzi wengi, kwa kuwa bei hupungua kadiri gari linavyozeeka, hulichukua lile lililokaribia ukingo huo. Chuma cha miaka saba bado ni kijana. Mpira wa miaka saba, uliokwisha pigwa na baridi, jua na chumvi inayomwagwa barabarani Uingereza ili kuyeyusha barafu, ni mzee. Kwa hiyo mwananchi anayefurahia kupata gari la kitajiri kwa bei nafuu huenda anainunua mifuko hiyo katika siku zake za mwisho, ndipo aipeleke Maralal.

Wako waliotafuta njia ya kati: kubakiza springi za chuma na kuongeza mifuko midogo ya kusaidia nyuma, inayojazwa kwa pampu kama tairi. Ikipasuka, chuma bado kipo. Hilo ni la busara, mradi mtu asidhani kwamba ameongeza uwezo wa gari. Mfuko uliowekwa juu ya mabamba huubana mzigo wote katika sehemu moja ya chesisi, na chesisi zimepinda kwa sababu hiyo.

Sisi hatusemi springi za hewa zipigwe marufuku. Anayeishi Nairobi na kwenda Naivasha mwisho wa juma, atapita penye matope na kurudi salama, na gereji ya kumhudumia haiko mbali. Tunachokipinga ni kuyapeleka magari hayo mahali ambapo kuharibika kwake ni msiba wa watu wengine. Mitihani ya taifa huangukia Oktoba na Novemba, mvua za vuli zinapoanza, na karatasi huchukuliwa asubuhi kutoka kwenye kontena na kupelekwa shuleni chini ya ulinzi. Mtahiniwa anayeketi darasani akisubiri bahasha hana haja ya kujua kwamba vali imekwama. Mama mjamzito naye hawezi kungojea kompyuta isomwe.

Ofisi za ununuzi za kaunti na wizara ziandike basi katika masharti ya zabuni zao kwamba gari litakalofanya kazi mbali na lami liwe na springi za chuma, na kwamba muuzaji wa jingine lolote aonyeshe ni wapi, karibu na kituo cha kazi, vipuri vyake vinapatikana. Na kwa kuwa magari ya hewa tayari yamo nchini na yataongezeka, vyuo vyetu vya ufundi viyafundishe: namna ya kutafuta uvujaji kwa maji ya sabuni, ya kubadilisha mfuko bila kuipasua paipu, na ya kukisoma kile kifaa cha kompyuta ambacho kwa sasa mafundi wengi wa vijijini hukisikia kwa jina tu. Kifaa kimoja kwa kila chuo kingekuwa mwanzo mwema.