Makofi si Kipimo cha Kazi ya Mwanafunzi

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hunijia kila ninapoalikwa kutazama video za nyimbo zilizotayarishwa na wanafunzi. Video ikiisha, mwalimu huuliza, "Je, mmeipenda?" Ukumbi huitikia "Ndiyo!", makofi yakapigwa, na kazi ikahesabiwa kuwa imekamilika.

Mimi ni mwanaisimu. Najua kwamba swali la aina hiyo limekwisha kubeba jibu lake. Mgeni aliyelelewa vyema hamwambii mwenyeji wake kwamba mchuzi umezidi chumvi, seuze kumwambia mtoto wa mwenzake kwamba wimbo wake haueleweki.

Mwaka wa 2025 nililishauri kundi moja la wanafunzi waliotunga wimbo wa kukemea wizi wa mitihani. Kiitikio chao kilisema "Twende barabara", yaani tufuate haki. Katika picha, vijana walitembea pamoja, karatasi mikononi. Sisi walimu tuliisifu mno video hiyo. Kisha nikawaomba wawaonyeshe akina mama wanaouza chakula karibu na lango letu, bila kuwaeleza lolote. Mmoja wao akauliza kwa mshangao, "Wanangu, mbona mnawaita wenzenu barabarani?"

Tulinyamaza. Masikio ya mama yule hayakumdanganya. Neno hilo likiwekewa mkazo kwenye silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu, ni njia kuu. Muziki ulikuwa umeuhamisha mkazo, nasi hatukutambua kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuyasoma maneno kwenye karatasi. Katika nchi iliyoshuhudia maandamano ya vijana ya Juni 2024, kosa hilo lingeweza kuwatia watoto wa watu mashakani.

Wanafunzi walikirekodi kiitikio upya. Hata hivyo, si kila walichoambiwa walikitii. Mama mwingine alitaka waongeze wachezaji ngoma. Walimshukuru, wakakataa, nami nikawaunga mkono. Huyo alisema alichokitamani, ilhali mwenzake alisema alichokisikia. Mtunzi ana uhuru wa kukataa matamanio ya mtazamaji, lakini hawezi kubishana na masikio yake.

Jambo hili si geni kwetu. Enzi za Muyaka bin Haji kule Mombasa, shairi lilipotolewa lilijibiwa kwa shairi, na mtunzi akajua papo hapo namna alivyoeleweka. Ajabu ni kwamba shuleni, mahali pa kujifunza, tumeliondoa jibu tukabakisha makofi.

Nawasihi walimu wenzangu: video ionyeshwe ingali mbichi, kwa watu wasioijua, na wanafunzi wajizuie kuieleza. Waulize maswali matatu tu: Umeona nini? Umesikia maneno gani? Ni wapi ulipochoka? Wayaandike majibu yote, hata yanayouma. Penye watu wengi waliojikwaa mahali pamoja, pana kisiki. Tunapotoa alama, tuitazame pia safari ya kutoka video ya kwanza hadi ya pili.

Nanyi wanafunzi, msiogope kukosolewa. Anayewapigia makofi amewafurahisha kwa dakika moja, anayewauliza "Mlikuwa na maana gani?" amewafunza utunzi.